Sahani ya Bandia na Wimbo wa Kweli

Ipo hoja moja iliyonisumbua kwa miaka mingi, nayo watu wazima wenzangu huicheka wanapoisikia kwa mara ya kwanza. Ikiwa sahani mbili za santuri zinatoa wimbo ule ule, kwa sauti ile ile na magitaa yale yale, na masikio ya mtu hayawezi kuzitenganisha, kuna sababu gani ya kujali kwamba moja ni ya asili na nyingine ni ya bandia? Mtu aliyekwisha kukata kiu haulizi maji yalichotwa kisima gani. Mbona basi mimi, mzee wa miaka 74, huigeuza sahani juani mara mbili mbili kabla ya kuiweka chini ya sindano?

Niko Bariadi, na hapa kwetu hoja ya bandia haikuletwa na santuri. Mkulima wa pamba wa Usukuma hahitaji mwalimu wa kumfafanulia jambo hilo. Tangu utoto wangu nimesikia habari za watu wanaonyunyizia pamba maji, au kuficha mchanga katikati ya mzigo, ili mizani iseme zaidi ya haki. Nimesikia pia habari za mizani iliyofundishwa kusema pungufu, na wazee walikuwa na hakika kwamba dhambi hii ya pili ndiyo iliyoizaa ile ya kwanza. Lakini mchanga katika pamba una madhara yanayoonekana: unaharibu mashine ya kuchambulia na kuchafua nyuzi. Sahani ya bandia haiharibu sindano, haiumizi sikio, wala haimzuii mtu kucheza. Kwa hiyo kosa lake, kama lipo, lazima litafutwe mahali pengine.

Kwa faida ya msomaji aliyezaliwa zama za simu za mkononi, niseme kidogo juu ya chombo chenyewe. Sahani ndogo ya santuri ni duara la plastiki lenye upana wa inchi 7, linalozunguka mara 45 kwa dakika. Kila upande una wimbo mmoja wa dakika tatu au nne. Bendi zetu zilipokuwa na wimbo mrefu ziliukata vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili, na wachezaji walisimama katikati ya ngoma wakimngoja mwenye santuri ageuze. Wapo walioposa katika kungoja huko.

Tanzania ilikuwa na wanamuziki wengi, lakini haikuwa na kiwanda chake cha kubana sahani. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda za redio zilikaa redioni. Aliyetaka wimbo wake uwe sahani ya kununuliwa dukani alitazama Nairobi. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, mtu wa Morogoro, nyimbo zake zilitufikia katika sahani za Polydor zilizotoka Nairobi, na alifariki kwa ajali ya gari huko huko Kenya, mjini Mombasa, Januari 1979. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, hata ukafunguliwa tena mwaka 1983, sahani moja mpya ilikuwa kitu cha kufungiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba.

Sahani za soul, yaani muziki wa Wamarekani weusi, nazo nyingi zilipita njia hiyo hiyo. Nilipokuwa chuo cha ualimu Butimba, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, soul ilikuwa bado na harufu ya kitu kilichokatazwa. Novemba 1969 ilikuwa imepigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam, kwa hoja kwamba inawaharibu vijana na kwamba si utamaduni wetu. Sisi wa ziwani tuliisikia amri hiyo kama ngurumo ya mbali. Naikumbuka kwa sababu moja: waliotoa amri hiyo nao walikuwa wanashughulika na suala la asili na bandia. Kwao kijana wa Kitanzania aliyemwiga James Brown alikuwa nakala, na nakala haina thamani. Sikukubaliana nao wakati ule, na sikubaliani nao leo. Kijana yule alikuwa anacheza kwa miguu yake mwenyewe.

Aliyenifundisha kuzitazama sahani alikuwa rafiki yangu, bwana shamba wa pamba, ambaye sasa ni marehemu. Katikati ya miaka ya 1970 alipelekwa masomoni kaskazini mwa Uingereza. Alikuta huko jambo ambalo hakulitegemea. Vijana wa Kiingereza, watoto wa wafanyakazi wa viwandani na migodini, walikuwa wanakesha Jumamosi nzima wakicheza sahani za soul za Kimarekani za miaka kumi nyuma, tena zile ambazo huko Marekani kwenyewe hazikununuliwa na mtu. Ukumbi maarufu kuliko zote ulikuwa Wigan Casino, uliokesha hivyo tangu 1973 hadi 1981. Kadiri sahani ilivyokuwa adimu, ndivyo ilivyotafutwa. Na penye adimu na fedha, msomaji wangu, mghushi hachelewi kufika.

Rafiki yangu alirudi na sahani chache na elimu nyingi. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akinieleza, na mimi nilikuwa mwanafunzi mtiifu.

Jambo la kwanza kutazama, alisema, si karatasi ya katikati yenye jina, bali ule ukingo mtupu kati ya mfereji wa mwisho na karatasi hiyo. Wimbo huchongwa kwanza juu ya bamba laini, bamba hilo huzalisha muhuri wa chuma, na muhuri ndio unaobana plastiki ya moto. Mchongaji au mtu wa kiwandani huandika namba katika ukingo ule, mara nyingine kwa mkono, mara nyingine kwa kugonga chapa. Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles, kwa mfano, kilikuwa na desturi ya kuandika alama ya pembetatu ikifuatiwa na namba. Mghushi hutazama karatasi ya katikati kwa sababu anajua mnunuzi ataitazama hiyo. Ukingo huusahau, au huuandika kwa mwandiko wake mwenyewe, na mwandiko ni kama nyayo.

La pili ni plastiki. Viwanda kadhaa vya Marekani havikutumia vinaili kwa sahani ndogo, bali polistireni, ambayo ni ngumu zaidi na hulia kwa ukali ukiigonga kwa ukucha. Ikiwa kampuni ilitoa wimbo fulani kwa polistireni peke yake, na wewe umeshika ya vinaili inayopinda, basi unajua. La tatu ni maandishi. Aliyepiga picha karatasi ya asili na kuichapa upya hupata herufi zilizovimba kidogo, kana kwamba zimelala na maji, na rangi zisizokaa mahali pake.

La nne ndilo lililonifanya niandike haya yote. Mghushi hana bamba la kwanza wala kanda ya studio. Ana sahani moja tu aliyoinunua au kuiazima. Huicheza, huirekodi, na kutokana na rekodi hiyo hutengeneza muhuri mpya. Kwa hiyo kila mkwaruzo wa sahani ile ya kwanza huingia katika nakala zote. Ukiitazama nakala juani, uso wake ni safi kama kioo. Ukiicheza, unasikia inakwaruza. Mikwaruzo imo ndani ya wimbo. Bandia hubeba majeraha ya mwenzake bila kuwa na kovu. Rafiki yangu alinichezea moja ya namna hiyo, nami nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka watu.

Ziko njia nyingi za kunakili, na si zote zenye kosa. Hapa watu wengi huchanganya. Nichukue wimbo mmoja ambao ulizipita njia tatu, msomaji apime mwenyewe.

Mwaka 1965 mtu aitwaye Frank Wilson aliimba wimbo kwa kampuni ya Motown, uitwao Do I Love You (Indeed I Do). Sahani chache zilibanwa, kisha mradi ukaachwa, na takriban zote ziliharibiwa. Wilson mwenyewe alishika kazi ya kuwatengenezea wengine nyimbo. Nakala zilizosalia ni za kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2009 moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000 za Kiingereza. Hiyo ndiyo asili. Katika miaka ya 1970, wimbo huo ulipoanza kupendwa katika kumbi za Uingereza, zilitolewa sahani za magendo zikiwa na jina la mwimbaji mwingine, Eddie Foster. Watu walikesha wakicheza sauti ya Frank Wilson huku wakimshukuru mtu ambaye hakuimba hata neno moja. Hiyo ndiyo ghushi. Halafu mwaka 1979 Motown wenyewe walilitoa toleo jipya kule Uingereza, jina la Frank Wilson likiwa mahali pake. Hilo ndilo toleo la pili, nalo ni halali.

Sauti ni ile ile katika zote tatu. Toleo la mwaka 1979 ni nakala kama ile ya magendo ilivyo nakala, lakini halidai kuwa la mwaka 1965. Linasema: mimi ni mdogo, kaka yangu alitangulia, na aliyeimba ni huyu. Kunakili si kosa hata kidogo. Mimi nimenakilisha wanafunzi ubaoni miaka 38, na bila kunakili pasingekuwa na shule.

Na kwetu tunao mfano mzuri kuliko huo. Baada ya Mbaraka Mwinshehe kufariki, katika miaka ya 1980 nyimbo zake za sahani ndogo zilikusanywa na kutolewa tena Nairobi katika sahani kubwa, mfululizo mzima, na jina la mfululizo huo lilikuwa Ukumbusho. Sijui kama kuna neno bora zaidi la kuandikwa juu ya toleo la pili. Linasema kwa neno moja kwamba kilichomo ni cha jana, na kwamba mwenyewe hayupo.

Sasa njoo kwenye kanda. Katika miaka ya 1980 na 1990, hapa Bariadi kama kila mji wa Tanzania, palikuwa na vibanda vya kurekodi. Uliandika orodha ya nyimbo uzipendazo kwenye karatasi ya daftari, ukaacha fedha, ukarudi jioni ukakuta kanda yako imejaa, majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu ya wino. Mwenye kibanda hakumdanganya mtu. Hakuna aliyedhani ile ni kanda ya kiwandani. Lakini mwenye wimbo hakupata hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999 na kuzaa COSOTA, na kufikia wakati huo wanamuziki wetu wengi walikuwa wamezeeka, na baadhi wamezikwa kwa michango ya majirani.

Kwa hiyo kanda ya kibandani iliiba bila kusema uongo. Sahani ya magendo iliiba na kusema uongo pia. Toleo halali halikufanya lolote kati ya hayo mawili, madhali mwenye haki amelipwa, na hilo nalo si la kudhania tu. Ukiniuliza wizi na uongo ni upi mbaya zaidi, nitajibu kwa haraka kwamba ni uongo, kwa kuwa kilichoibwa kinaweza kulipwa hata baada ya miaka, bali jina lililobadilishwa huingia katika vichwa vya watoto na kukaa humo. Lakini najua kwamba jibu hilo ni la mtu mwenye pensheni. Mpiga gitaa aliyelala njaa angenijibu vingine, nami nisingekuwa na uso wa kubishana naye.

Hoja inakuwa ngumu zaidi tunapofika kwenye sahani ambayo ni ya asili kabisa lakini haisemi kweli. Chukua wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akaueneza duniani, na mwaka 1981 hata Boney M. wakautoa. Fadhili William alidai hadi kufa kwake mwaka 2001 kwamba yeye ndiye mtunzi. Wengi walibisha, na jina linalotajwa mara nyingi zaidi ni la Adam Salim, ambaye inasemekana aliutunga katika miaka ya 1940. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Lakini fikiri: mtu akikuletea sahani ya kwanza kabisa ya wimbo ule, yenye namba sahihi ukingoni, plastiki sahihi na herufi kali, itathibitisha siku iliyobanwa na kiwanda kilichoibana. Juu ya jambo kubwa kuliko yote, yaani wimbo ulitoka moyoni mwa nani, haitathibitisha kitu. Asili ya chombo si kweli ya maneno yaliyoandikwa juu yake.

Wazee wetu wa ngoma waliliona tatizo hili kabla ya kuja karatasi za katikati. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, yanayofuata mavuno huku Usukumani, manju aghalabu hujitaja ndani ya wimbo wenyewe: yeye ni nani, mwana wa nani, ametoka wapi. Ukitaka kuuiba wimbo wake huna budi kumwimba na yeye. Ukilitoa jina, beti zinachechemea, na wasikilizaji wanakuzomea. Ni alama ambayo hakuna mghushi wa Los Angeles wala wa London angeiweza.

Sasa niseme kuhusu watu niliowakumbuka. Mwezi wa Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa, mjini Dodoma, orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini mmoja wao alikuwa mwalimu aliyefundisha chini yangu miaka kadhaa, aliyeletwa na serikali akiwa na barua zote. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa namna ambayo mwalimu mkuu huomba usiku na mchana. Watoto wa wachungaji waliokuja shuleni wakijua kuhesabu ng'ombe tu, walitoka kwake wakijua sehemu na desimali. Habari zilipofika, wazazi wawili na mwanafunzi wake mmoja wa zamani walikuja nyumbani. Yule mwanafunzi, ambaye sasa ni mhasibu, aliniuliza: "Mwalimu, na yale aliyotufundisha, nayo ni feki?"

Nilimwambia hapana, na nilisema hivyo bila kusita. Saba mara nane ni hamsini na sita hata likitoka kinywani mwa mwizi. Wimbo ulikuwa wa kweli. Karatasi ya katikati ndiyo iliyokuwa ya uongo. Baba mmoja akadakia kwamba, kama ni hivyo, aachwe aendelee. Hapo nilisita. Mahali fulani palikuwa na kijana aliyekosa nafasi ya chuo kwa sababu nafasi ilichukuliwa kwa alama ambazo hazikuwepo. Hatukumjua jina, hakuja kulalamika barazani kwangu, na kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi sana kumsahau tulipokuwa tunamsifu yule tuliyemjua. Aliyeibiwa katika ghushi daima hayupo chumbani. Frank Wilson hakuwepo ukumbini usiku ule walipokuwa wanamshangilia Eddie Foster.

Mwaka 2022 serikali iliamua kwamba walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warudishiwe michango waliyokuwa wamekatwa katika mishahara yao kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Niliona ni haki. Ilikuwa kama kusema kwamba jasho lilikuwa la kweli ingawa hati ilikuwa ya uongo, na kila kimoja kihesabiwe peke yake.

Nimefika sasa kwenye sanduku la rafiki yangu, ambalo ndilo lililonilazimisha kuyaweka haya kwa maandishi. Miaka mitatu iliyopita mtoto wake wa kiume, ambaye nilimfundisha darasa la sita, alikuja kwangu akiwa amelibeba kwenye pikipiki. Siku hizi wapo Wazungu wanaotafuta sahani za zamani za Afrika Mashariki, na yeye alikuwa amepata mnunuzi wa Ulaya kwa njia ya simu. Mama yake anaishi katika nyumba ya nyasi inayovuja, naye alitaka kumwezekea mabati kabla ya mvua. Sahani zilikuwa 44. Thelathini na nane zilikuwa za Nairobi, za bendi zetu na za Kongo. Sita zilikuwa za soul, zile zilizotoka Uingereza. Mnunuzi alikuwa ameona picha, na kwa moja kati ya hizo sita alikubali kutoa fedha nyingi kuliko kwa zile nyingine zote zikiwekwa pamoja.

Nilijua ni ipi kabla hajaitoa. Ilikuwa ni ile rafiki yangu aliyonichezea Jumapili ile, uso wake safi na mikwaruzo ndani yake.

Niliitoa juani hata hivyo, nikamwonyesha ukingo, nikamwonyesha herufi. Nikamwambia, "Kijana wangu, hii ni bandia. Na marehemu baba yako alijua."

Alikaa kimya. Kisha akasema kwa adabu, macho yakiwa chini, "Mwalimu, samahani. Huyu mtu ameshakubali bei. Akiicheza, wimbo si utalia?"

Ni ile hoja yangu ya miaka yote, sasa ikiwa imevaa viatu vya mtu mwenye shida. Nilimjibu kwa kadiri nilivyoweza. Yule mnunuzi halipii wimbo. Wimbo anao tayari kwenye simu yake, bila gharama, na unalia vizuri kuliko kwenye sahani yoyote. Analipia ushahidi: kwamba duara hili la plastiki lilikuwepo kiwandani mwaka ule, kabla hakuna aliyejua kwamba wimbo utapendwa. Anataka kushika kitu kilichokuwa pale. Sahani hii ina kila kitu isipokuwa hicho, na wewe unataka kumuuzia hicho.

"Lakini baba aliinunua kwa fedha yake halali."

Naam, na baba hakutenda kosa. Hata yeye kijana, kama angeiuza juma moja kabla bila kuja kwangu, asingekuwa na kosa lolote. Uongo ulikuwa umelala ndani ya ile plastiki tangu miaka ya 1970, ukimngoja mtu wa kuuamsha, na mimi ndiye niliyeuamsha kwa kumwambia. Kabla ya kuja kwangu alikuwa na sahani ya gharama na moyo safi. Nilimwachia kimoja tu kati ya hivyo, tena nikamwachia yeye mwenyewe achague ni kipi. Jirani yangu mmoja aliniambia baadaye kwamba ningekaa kimya, kwa kuwa mjane ana haki kubwa kuliko Mzungu mwenye fedha za kuchezea. Nimeifikiria hoja hiyo sana kwa sababu haikosi uzito. Lakini kijana alinijia kuuliza kweli kwa mtu aliyemfundisha kusoma. Kama ningemdanganya kwa manufaa yake, ningekuwa nimemfanyia yeye kile kile nilichokuwa nakiogopa kwa Mzungu, na bila hata kumuuliza.

Sikumwamuru. Amri za mwalimu mkuu ziliisha nilipokabidhi funguo za ofisi. Alifunga sanduku, akasema, "Haya mwalimu, marahaba yako nimeipokea," akaenda zake.

Baada ya siku nne alipiga simu. Alikuwa amemwandikia mnunuzi. Mnunuzi alichukua zile za Nairobi na nne kati ya zile za soul kwa bei waliyopatana, na juu ya ile moja alisema jambo ambalo lilimshangaza kijana na halikunishangaza mimi: kwamba hata sahani za magendo za miaka ile zina watu wanaozikusanya, na kwamba, madhali ameambiwa ukweli, yuko tayari kuinunua kama bandia kwa bei ndogo. Kumbe bandia inayokiri ubandia wake nayo ina asili yake. Ilibanwa Uingereza au Marekani na mtu fulani, siku fulani, kwa ajili ya vijana fulani waliokuwa wanakesha.

Haikuuzwa. Mama yake aliikataza. Alisema ya Mbaraka na ya Kongo ziende, lakini hiyo ya Kizungu yenye kelele ndiyo marehemu alikuwa akiiweka alfajiri kabla ya kwenda kukagua mashamba, na hajali wanaiitaje. Hana santuri ya kuichezea. Ameitundika ukutani kwa msumari kupitia tundu la katikati, jambo ambalo kila nikienda kumjulia hali hunifanya nigeuze uso.

Fedha zilitosha mabati 22. Chumba cha mbele na sebule vimeezekwa; jiko na chumba cha nyuma bado vina nyasi, na kijana anangoja bei ya pamba.